Umbali na Muda wa Safari ya Ndege Kutoka Nairobi: Jihesabie Mwenyewe, Hatua kwa Hatua

Wanaotafuta umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupata tarakimu upesi, kisha hukwama palepale kila mara. Wanaona "kilomita 423" na hawajui kama watafika kabla ya mkutano. Wanaona ndege ya Kigali inayoondoka 08:00 na kutua 08:27, wanadhani tiketi imekosewa. Au wanafika JKIA (uwanja mkuu wa Nairobi, wa Jomo Kenyatta) usiku wa tarehe 15 na ndege yao iliruka usiku uliopita.

Kosa ni kuchanganya hesabu tatu tofauti. Kuna umbali wa angani. Kuna muda wa tiketi, yaani kutoka ndege inapoachana na geti la Nairobi hadi inapoegeshwa geti la pili. Halafu kuna muda wa mlango hadi mlango, na huo ndio unaoamua utaamka saa ngapi. Kila moja ina hatua zake hapa chini.

## Vitu vya kuandaa

- Tiketi yako, au angalau namba ya ndege, tarehe na saa zake.
- Kodi, yaani msimbo, ya herufi tatu ya kila uwanja. Imeandikwa kwenye tiketi.
- Latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili kwa desimali.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha kwa Afrika Mashariki. Kwa safari ndefu tumia Excel au Google Sheets.
- Tofauti ya saa kati ya Nairobi na unakokwenda, kwa tarehe ile unayosafiri, si kwa leo.
- Karatasi na kalamu. Anayefanya hesabu hizi kichwani ndiye anayekosa ndege.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni uwanja upi

Usitafute "Nairobi". Tafuta kodi. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria: JKIA, kodi yake NBO, unaoingilia Mombasa Road, na Wilson, kodi WIL, ulio kando ya Lang'ata Road. Kwenye ramani viko karibu kilomita 13 kwa mstari ulionyooka. Barabarani ni zaidi, na jioni ya Ijumaa kilomita hizo zinaweza kukumaliza. Ndege ndogo za Maasai Mara na nyingi za Lamu na Ukunda hutumia Wilson, kwa hivyo usidhani kila ndege ya Nairobi ni ya JKIA.

Upande wa pili wa safari una mitego yake. London kuna LHR, LGW na STN. Dubai kuna DXB na DWC. Istanbul kuna IST na SAW, kimoja upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia. KIS ni Kisumu, KGL ni Kigali, na Kilimanjaro, ambao wengi huuita KIA, kodi yake ni JRO. Uwanja wa Mombasa unaitwa Moi, kodi MBA. Eldoret ni EDL.

Umefaulu ukiwa na: kodi mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, na umezilinganisha na tiketi herufi kwa herufi.

## Hatua ya 2: Andika nukta za viwanja

Ukibofya mahali kwenye ramani ya intaneti na kushikilia, utapata namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, kaskazini au kusini mwa ikweta. Ya pili ni longitudo, mashariki au magharibi. Kwa safari zinazoulizwa sana, hizi hapa:

- NBO (JKIA): −1.319, 36.928
- WIL (Wilson): −1.322, 36.815
- MBA (Mombasa): −4.035, 39.594
- KIS (Kisumu): −0.086, 34.729
- EDL (Eldoret): 0.404, 35.239
- EBB (Entebbe): 0.042, 32.443
- KGL (Kigali): −1.969, 30.140
- DAR (Dar es Salaam): −6.878, 39.203
- ADD (Addis Ababa): 8.978, 38.799
- DXB (Dubai): 25.253, 55.364
- LHR (London Heathrow): 51.471, −0.462

Ukipewa nukta kwa digrii, dakika na sekunde, gawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha. JKIA ni 1°19′09″ kusini: 1 + 0.3167 + 0.0025 = 1.319. Kwa kuwa ni kusini, weka alama ya kutoa mbele.

Onyo. Alama hiyo ya kutoa ndiyo inayowaangusha wengi, na sisi wa Kenya tuko hatarini kuliko wengine kwa sababu ikweta inapita katikati ya nchi. Nairobi iko kusini, Eldoret iko kaskazini. Ukiisahau alama ya Nairobi, utapata kilomita 214 hadi Eldoret. Jibu sahihi ni 268. Hilo la 214 halishtui mtu, linaonekana la kweli kabisa, na ndiyo maana huwa halisahihishwi.

## Hatua ya 3: Hesabu umbali wa angani

### Njia fupi, kwa Afrika Mashariki peke yake

Hapa ikweta inatusaidia. Karibu nayo, digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo zinakaribia kulingana, kila moja kama kilomita 111.2. Kwa hiyo hesabu ya pembetatu ya darasa la nane inatosha.

Chukua Nairobi–Mombasa:

1. Tofauti ya latitudo: 4.035 − 1.319 = 2.716.
2. Tofauti ya longitudo: 39.594 − 36.928 = 2.666.
3. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 7.38 na 7.11. Jumla ni 14.49.
4. Tafuta kipeuo cha pili (kitufe cha √): 3.806.
5. Zidisha kwa 111.2: kilomita 423.

Katika mfano huu viwanja vyote viko kusini, kwa hiyo unatoa. Kimoja kikiwa kusini na kingine kaskazini, latitudo unazijumlisha: Nairobi na Eldoret ni 1.319 + 0.404 = 1.723.

Kwa njia hiyohiyo utapata Kisumu 280, Entebbe 521, Dar es Salaam kama 668, Kigali 758 na Addis Ababa kama 1,164.

Usiipeleke njia hii Ulaya. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo mistari ya longitudo inavyosogeleana, mpaka inakutana kwenye ncha. Ukihesabu London kwa pembetatu utapata karibu kilomita 7,190, zaidi ya 350 juu ya umbali halisi.

### Njia kamili, kwa safari yoyote

Dunia ni duara, na njia fupi juu ya duara ni upinde. Fungua Google Sheets. Weka latitudo ya kwanza kwenye B2 na longitudo yake C2. Za uwanja wa pili weka B3 na C3. Kisha mahali popote pengine bandika hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Hiyo 6371 ni nusu kipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita. Neno RADIANS lazima liwepo, maana jedwali halielewi digrii ndani ya SIN na COS. Ukiliacha utapata jibu, lakini halitakuwa na uhusiano wowote na dunia hii.

Kwa kikokotoo cha simu, kilaze upande ili vitufe vya sin na cos vijitokeze, na uhakikishe kiko kwenye digrii. Jaribu sin 30: likija 0.5, endelea. Likija −0.988, kiko kwenye radiani.

Umefaulu ukipata: NBO–LHR karibu 6,840 na NBO–DXB karibu 3,560. Tofauti ya kilomita kumi kati ya jibu lako na la tovuti si kosa. Dunia si duara kamili, imebanwa kidogo kwenye ncha, na baadhi ya tovuti huzingatia hilo. Lakini ukipata 6,577 kwa London, rudi Hatua ya 2. Alama ya kutoa ya Nairobi imepotea.

Jihadhari pia na vipimo. Tovuti nyingi huandika maili. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, maili ya baharini, ambayo marubani hutumia, ni kilomita 1.852. Nairobi–London ni maili 4,251 au maili za baharini 3,693. Safari ni ileile.

## Hatua ya 4: Geuza kilomita ziwe muda wa tiketi

Kosa la kawaida ni kusema ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, Mombasa ni 423, basi ni dakika 28. Haiwezekani, na sababu ni rahisi.

Ndege huanza kwa kutambaa ardhini hadi njia ya kurukia, pengine ikisubiri wenzake. Ikiruka, inapanda kwa mwendo mdogo. Na kushuka huanza mapema mno kuliko abiria wanavyodhani: marubani huhesabu kama maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Kutoka futi 30,000 hizo ni maili 90, karibu kilomita 167. Kwa ndege ya Mombasa maana yake ni kwamba rubani anaanza kuteremka kabla hata hajaipita Voi. Ule mwendo wa 800 na kitu unaousoma kwenye vipeperushi hudumu kwa kipande kifupi tu katikati.

Tumia kanuni hizi:

Jeti, safari isiyozidi kilomita 1,500: gawa kilomita kwa 800, zidisha kwa 60 upate dakika, ongeza 30.

- Kisumu: 21 + 30 = dakika 51.
- Mombasa: 32 + 30 = saa moja na dakika mbili.
- Dar es Salaam: 50 + 30 = saa moja na dakika 20.

Ndege ya pangaboi ya abiria wengi, mfano Dash 8-400: gawa kwa 600, ongeza 30. Mombasa inakuwa kama saa moja na dakika 12. Ndiyo sababu tiketi mbili za njia moja zinaweza kuandikwa muda tofauti na zote zikawa sahihi.

Ndege ndogo ya Wilson, mfano Cessna Caravan: gawa kwa 300, ongeza 10. Keekorok, iliyo kama kilomita 176, inatoka dakika 45. Lakini ndege za Mara hutua kama matatu: inashusha hapa, inapakia pale. Kwa kila uwanja wa kati ongeza dakika 15, na uulize kabla ya kulipa mtashuka wa ngapi.

Jeti, safari ndefu: ongeza asilimia 5 kwenye umbali, gawa kwa 850, kisha ongeza dakika 30.

- Dubai: 3,560 inakuwa 3,738, ukigawa unapata saa 4 na dakika 24, ongeza 30: karibu saa tano.
- London: 6,840 inakuwa 7,182, saa 8 na dakika 27, ongeza 30: karibu saa tisa.

### Kwa nini asilimia 5, na kwa nini wakati mwingine haitoshi

Ndege haifuati upinde wako. Inafuata njia zilizochorwa angani, inakwepa mawingu ya radi, na inajipanga foleni karibu na viwanja vyenye shughuli nyingi. Heathrow huzungusha ndege angani zikisubiri zamu.

Halafu kuna anga zilizofungwa. Chora mstari kutoka Nairobi hadi London: unapita katikati ya Sudan. Vita vilipozuka huko Aprili 2023 anga yake ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikipita juu zikalazimika kuzunguka. Mstari wa Dubai nao unaikata Yemen. Ukiona tiketi ina dakika 30 au 40 zaidi ya hesabu yako kwa njia hizi, usianze kutafuta kosa kwenye kikokotoo.

Sababu ya mwisho ni upepo. Kaskazini mwa dunia kuna mkondo wa upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja ya New York Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwa umbali uleule wa takriban kilomita 11,800. Safari za kaskazini–kusini kama ya London hazionyeshi tofauti kubwa hivyo.

## Hatua ya 5: Soma tiketi kwa saa moja

Saa ya kuondoka kwenye tiketi ni ya Nairobi. Saa ya kufika ni ya huko unakofika. Ukizitoa moja kwa moja bila kuzileta kwenye saa moja, unapata upuuzi.

Kenya iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia) mwaka mzima, haibadilishi. Ukilinganisha na Nairobi:

- Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa: sawasawa.
- Kigali, Bujumbura, Johannesburg: nyuma saa moja.
- Lagos: nyuma saa mbili.
- Dubai: mbele saa moja.
- Mumbai: mbele saa mbili na nusu.
- Guangzhou: mbele saa tano.
- London: nyuma saa tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa joto.
- New York: nyuma saa nane wakati wa baridi, saba wakati wa joto.

Hesabu yenyewe ni hii: chukua saa ya kufika, igeuze iwe saa ya Nairobi, ndipo utoe saa ya kuondoka.

Ile tiketi ya Kigali: inatua 08:27 za Kigali, ambazo ni 09:27 za Nairobi. Toa 08:00. Ni saa moja na dakika 27, na kanuni ya Hatua ya 4 kwa kilomita 758 inatoa hizohizo. Wakati wa kurudi tiketi itaonekana kama safari ya saa mbili na nusu. Si kwamba rubani amezubaa.

Mfano wa London, mwezi wa Januari: kuondoka 23:30, kufika 05:30. Ongeza saa tatu: 08:30 za Nairobi. Kutoka 23:30 hadi 08:30 ni saa tisa. Mwezi wa Julai ndege ya muda uleule ingeandikwa kufika 06:30.

Onyo la Machi na Oktoba. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna wiki ambazo New York imeshabadilika na London bado. Ukisafiri miezi hiyo, tafuta saa ya huko kwa tarehe yako hasa.

Umefaulu ikiwa: muda uliopata hapa na ule wa Hatua ya 4 vinatofautiana kwa chini ya saa moja kwa safari ndefu, au dakika 20 kwa fupi. Ikizidi, angalia kama tiketi ina kituo cha kati ambacho hukukiona.

## Hatua ya 6: Geuza iwe saa ya Kiswahili, na ukague tarehe mara mbili

Hapa ndipo safari nyingi hufa, na hakuna tovuti ya nje itakayokuonya, maana wao hawana saa yetu.

Tiketi hutumia saa 24 za kimataifa. Kugeuza:

- Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita. 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:15 ni saa saba na robo mchana.
- Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18. 23:30 ni saa tano na nusu usiku.
- Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza sita. 00:40 ni saa sita na dakika 40 usiku. 03:00 ni saa tisa usiku. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Hatari kubwa ni kusikia "seven" ya Kiingereza ukaandika "saa saba". Ndege ya 07:00 ni ya saa moja asubuhi. Mama aliyeambiwa "ndege ni ya saa saba" atapika chai taratibu akijua ni mchana, na saa saba mchana ndege itakuwa imetua zamani.

Kwenye ujumbe, andika zote mbili: "saa 1 asubuhi, yaani 07:00". Na ukitaja muda wa safari, andika "masaa matano". Walimu wa sarufi watasema wingi wa saa ni saa, na hawajakosea. Lakini "safari ya saa tano" inaweza kusomeka kama safari inayoanza saa tano, na "masaa" inaondoa utata huo wote kwa herufi mbili.

### Usiku wa kuamkia

Tiketi ikisema tarehe 15, 00:40, hiyo ni dakika 40 baada ya tarehe 14 kwisha. Unatakiwa uwe JKIA jioni ya tarehe 14, kabla ya saa nne usiku. Ukisubiri usiku wa tarehe 15, umechelewa kwa karibu siku nzima.

Lugha yetu inaongeza utata wake. Kwa mazoea ya pwani, siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Nairobi, mtu akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha Ijumaa baada ya kazi. Mtu wa Kibokoni na dereva wake wa Kayole wanaweza kukubaliana kabisa na bado wakakosana kwa saa 24. Sema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hilo halina maana mbili popote.

Ndege nyingi za mbali huondoka Nairobi usiku. Ratiba za huko ziendako ni sababu mojawapo. Nyingine ni mwinuko: JKIA uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya masaa kumi na mengi huruka vizuri hewa ikiwa baridi. Kwa hiyo mtego wa saa sita usiku utakutana nao mara nyingi, uzoee.

## Hatua ya 7: Ukiunganisha ndege

Hesabu kila kipande peke yake, kisha ongeza muda wa kusubiri. Nairobi–Dubai–London ni kama 3,560 na karibu 5,500, jumla zaidi ya kilomita 9,000 badala ya 6,840. Tofauti hiyo ni zaidi ya masaa mawili na nusu ya ziada hewani kabla hujahesabu kukaa Dubai.

Chini ya masaa mawili ya kusubiri ni kamari, hasa kama ni tiketi mbili ulizonunua mbalimbali. Hapo huenda ukalazimika kupita uhamiaji, kuchukua begi na kuanza kaunta upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako.

## Hatua ya 8: Mlango hadi mlango

Hesabu kurudi nyuma, kuanzia saa ya kuondoka. Kwa safari za nje fika uwanjani masaa matatu kabla. Za ndani, masaa mawili, na ukiwa na mzigo wa mkononi tu, saa moja na nusu. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa kama saa moja kabla ya kuruka, na mlango wa ndege hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa. Ile saa ya tiketi ni ya ndege kuondoka, si ya wewe kufika ukihema.

JKIA iko chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, ila kilomita hazisemi kitu hapa. Alfajiri ni dakika 25. Jioni, kuanzia Nyayo hadi Cabanas, inaweza kuwa saa moja na nusu. Barabara ya juu ya kulipia, ile ya kutoka Westlands hadi Mlolongo iliyofunguliwa 2022, ina njia ya kuteremkia JKIA. Ukiwa na ndege ya kimataifa jioni, ilipe. Ada yake haifikii bei ya kubadilisha tiketi. Kisha tenga dakika 15 hadi 30 za foleni ya ukaguzi, maana huanza kabla hata hujafika terminali. Soma terminali kwenye tiketi siku hiyohiyo.

Mfano mzima: anayetoka Rongai kwenda Nyali, Mombasa, kwa ndege ya 07:00, akiwa na mzigo wa mkononi tu.

- Rongai hadi JKIA alfajiri: dakika 60.
- Uwanjani kabla ya kuruka, pamoja na foleni ya ukaguzi: dakika 105.
- Geti hadi geti: dakika 60.
- Kushuka na kutoka nje: dakika 25.
- Moi hadi Nyali, kupitia Makupa na daraja la Nyali: dakika 45.

Jumla ni dakika 295, yaani masaa matano kasoro dakika tano kwa "safari ya saa moja". Treni ya SGR ya Nairobi–Mombasa huchukua kati ya masaa matano na sita kwenye reli peke yake, na bado kuna kufika Syokimau mapema na kutoka Miritini kuingia mjini. Kwa hiyo ndege inakuokolea kama masaa mawili na nusu hadi matatu, si manne au matano ambayo watu hulipia wakidhani wanayapata. Anayekwenda Diani apige hesabu ya kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu pia, kisha alinganishe na ndege ya Ukunda.

Huyu wa Rongai anatakiwa atoke nyumbani saa kumi na robo alfajiri. Ujumbe wa kumtumia anayempokea uwe na tarehe, saa zote mbili, kodi ya uwanja na saa ya kutoka nje, si ya kutua:

"Alhamisi tarehe 12. Natua MBA saa 2:00 asubuhi (08:00). Nitakuwa nje saa 2 na dakika 25. Ukiona kimya, angalia namba ya ndege kwanza kabla hujapiga simu, nitakuwa nimezima."

Na namba ya ndege iwekwe mstari wa chini yake, peke yake, ili aweze kuinakili.